Mate Juu ya Kuvumwani

Kitu cha kwanza kunijia nikimkumbuka Mwalimu ni mate yake. Sura yake inakuja baadaye, na sauti baadaye zaidi. Alikuwa akibandua kipande cha kuvumwani kwenye gogo au ukuta, ile mimea midogo laini ya kijani ambayo watu huikanyaga bila kujua kuwa ni mimea, na kama kimekauka na kujikunja, alikitia mdomoni. Alikinyonya taratibu kama mtu anayenyonya mfupa wa samaki. Kisha alikitema kiganjani kikiwa kinavuta uzi wa ute, akakisogeza jichoni chini ya lenzi iliyoning'inia shingoni mwake kwa kamba ya kiatu. Akishamaliza, alinipa na mimi. Lenzi ileile, kiganja kilekile, ute uleule.

"Tazama," alisema. "Maji iko mbali. Mate iko karibu."

Nimelelewa katika kambi ya jeshi ya Mbarara, ambako baba yangu alikuwa mpishi wa askari, na nimeona mengi ya kutia kinyaa. Bado lile lilinishinda. Lakini nilitazama kila mara, kwa sababu ndani ya yale mate mmea ulikuwa unafunguka. Vijani vilivyokuwa vimesinyaa vilijinyoosha kimoja kimoja, vyembamba hata mwanga ukapita, vyote vimepinda upande mmoja kama mundu. Tangu niache shule darasa la sita sikuwa nimeonyeshwa kitu chenye uzuri kama ule, na nilichukia kwamba nilionyeshwa katika kohozi la mtu.

Mwalimu alifundisha biolojia katika shule moja ya sekondari pale Mbarara. Siku za kazi alilala katika chumba cha kupanga Kakiika. Siku nyingine alirudi Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mkimbizi. Alikuwa amevuka kutoka Rwanda akiwa kijana, akapitia Bukavu, ambako mapadri walimpa Kilatini, lenzi, na Kiswahili cha huko ambacho hakikumtoka hadi mwisho. Mimi nilikuwa mtu wa kuhama. Nilipakia mkaa Rwekubo, nikachunga ng'ombe wa watu Endiinzi, nikauza betri za redio mjini. Nikishachoka na kazi moja nilimfuata Mwalimu msituni Kalinzu, kule magharibi, nikambebea mfuko. Malipo yangu yalikuwa kumuuliza maswali. Hakuwahi kulikataa swali, hilo lazima niliseme.

Chumba chake cha Kakiika kilinuka kama nguo iliyosahauliwa ndani ya beseni. Kuvumwani ilikuwa kila mahali, imefungwa katika vipande vya magazeti, chini ya kitanda, juu ya kabati, ndani ya sufuria aliyopikia. Ukucha wa kidole chake kidogo aliuacha urefuke, akaunoa kwa jiwe, na ndio uliokuwa kisu chake cha kupasulia vishina. Kwa ukucha huohuo aliondoa utando juu ya maziwa, akachokonoa meno, akamfinya mwanafunzi sikio. Tulipokula pamoja nilijitahidi kuanza mimi kuchota ugali, ili nisipite mahali kidole kile kimepita.

Watu wa mjini walimcheka. Hajji mmoja mwenye duka la vitambaa alikuwa na tangi la maji la kutawadhia nyuma ya duka, na ubavuni mwake kuvumwani iliota vizuri sana. Siku moja alimkuta Mwalimu amepiga magoti pale, ulimi nje.

"Mwalimu! Unalamba tangi langu?"

"Ninasoma, Hajji."

"Basi soma kwa macho kama Waislamu wenzangu. Watu watie udhu na wewe umeshalamba?"

Hajji alileta ndoo na brashi, akasugua tangi lote mpaka likawa jeupe. Mwalimu alisimama pembeni akimtazama kama anayetazama nyumba yake ikibomolewa. Baadaye aliniambia kwa hasira kwamba mtu mwenye kuona uchafu tu fasi kuko bustani, yaani mahali penye bustani, huyo ni kipofu. Nilicheka, maana mdomoni mwake mlikuwa bado na kijani.

Misemo yake ilikuwa mingi, na karibu yote ilihusu kutenganisha. "Jicho likichoka linaona kitu kimoja." "Kufanana si undugu." "Mutu mwenye haraka anapanga kwa rangi, mutu mwenye akili anapanga kwa mushipa." Huo wa mwisho ulihusu kazi yake hasa. Alinifundisha kuwa huwezi kuipanga kuvumwani kwa rangi wala kwa ukubwa. Unauliza jani: una mshipa katikati, au huna? Mmoja, au miwili mifupi isiyofika popote? Unauliza kona za jani, pale linaposhika shina. Halafu unatafuta kile kikopo kidogo kinachosimama juu ya uzi mwekundu, ambamo mna unga wa mbegu, na unakitazama mdomo wake. Kina meno. Alinionyesha: alikipumulia, na meno yakajifunga kwa unyevu wa pumzi, akangoja, yakakauka, yakafunguka. Nilimwomba arudie mpaka akachoka.

Kati ya zote, moja ndiyo iliyomla maisha. Ilikuwa ya kawaida kabisa, ya kwenye magogo na vigogo vya miti, ambayo alisema inaota karibu dunia nzima. Jina lake la Kilatini ni Hypnum cupressiforme. Neno la kwanza, alisema, lina uhusiano na usingizi, kwa kuwa Wazungu wa zamani waliijaza katika mito ya kulalia. La pili maana yake ni yenye umbo la msaipresi, kwa jinsi vijani vinavyolaliana. Taabu ya mmea huo ni kwamba haukubali kufanana wenyewe kwa wenyewe. Mahali pamoja ni mnene kama mkia wa paka. Mahali pengine ni mwembamba kama uzi. Wataalamu wa Ulaya waliugawa kuwa aina nyingi, wakaja wengine wakaziunganisha, wakaja wengine wakazigawa tena. Mwalimu aliwadharau waunganishaji. Kalinzu, kwenye vigogo vya miti penye kivuli kizito, kulikuwa na ile nyembamba, isiyopinda majani yake vizuri, na yeye alishikilia kwamba hiyo ni espesi, yaani aina, nyingine kabisa, ambayo hakuna aliyeipa jina. Angeipa yeye. Alikuwa ameshalitunga hilo jina na lilikuwa na jina lake ndani.

"Na kama ni ileile, imekonda kwa kukosa jua?" nilimuuliza siku moja. Niliuliza tu, sikuwa najua lolote.

Alishusha lenzi. "Weye umeacha shule darasa la ngapi?"

"La sita."

"Inaonekana."

Sasa nimseme mama mmoja, kwa sababu bila yeye Mwalimu angebaki kuwa mzee wa kuchekesha tu. Aliitwa Kobusingye, mjane, mfugaji wa Endiinzi. Alizaliwa palepale, na baba yake alizaliwa palepale. Mume wake ndiye alikuwa ametoka upande wa pili wa mpaka, akafia kwake, akamwachia mama mkwe mzee na boma la ng'ombe. Nilimchungia ng'ombe kwa msimu mmoja. Mwalimu alipita kwake kila alipotoka kutafuta kuvumwani kwenye mawe ya mlimani, na kila mara Kobusingye alimpa maziwa kabla hajaomba. Kwa wafugaji wa huko mgeni hanyimwi maziwa. Ukimnyima umemwambia kuwa si mtu. Mwalimu alikunywa kwa sauti, akajifuta sharubu kwa kiganja kilekile cha mate, akasema, "Mama, maziwa yako iko na akili."

"Akili ni ya ng'ombe, Mwarimu. Mimi nakamua tu," alijibu Kobusingye, na walicheka.

Mwaka ule vijana wa chama cha serikali, wenye magongo, walipoanza kuzunguka wakisema kila mkimbizi arudi makazini Nakivale na aache ng'ombe nyuma, tatizo la wakubwa lilikuwa kumjua mkimbizi ni yupi. Wafugaji wa pande zote mbili wana sura moja na urefu mmoja, wanaimbia ng'ombe wao karibu kwa maneno yaleyale, wameoana tangu zamani. Ndipo chifu mmoja wa gombolola, yaani tarafa ya huko, akapata wazo ambalo sijui lingetoka wapi kwingine. Watoto wake walisoma kwa Mwalimu, wakamwambia baba yao kwamba yule mtu anaweza kutenganisha majani mawili ambayo Mungu mwenyewe ameyasahau. Chifu akafikiri kuwa mtu wa namna hiyo hawezi kushindwa na binadamu. Akamwita. Akamwahidi kuwa yeye mwenyewe hataguswa, wala kazi yake, wala chumba chake cha Kakiika.

Mwalimu alikubali. Waliweka meza karibu na josho la ng'ombe, na watu wakapangwa mstari. Na yule mtu alifanya kazi ile kwa uangalifu, ndilo linalonitapisha. Laiti angeifanya ovyo. Hakutazama pua wala urefu. Hayo aliyadharau, alisema ni kupanga kwa rangi. Alitafuta mshipa. Aliwaambia wanawake walete vyungu vidogo vya kufukizia, maana huko kibuyu na chungu cha maziwa hufukizwa kwa moshi wa nyasi ili maziwa yakae vizuri, na kila ukoo una nyasi zake. Wenyeji hutumia emburara, nyasi iliyoupa mji wa Mbarara jina. Mwalimu alichukua kipande cha jani lililoungua kutoka kwenye chungu, akakitia mdomoni, akakilowesha, akakitema kiganjani, akaweka lenzi. Kisha akanusa chungu. Kisha akasema. Kulia, mwenyeji. Kushoto, lori.

Kobusingye alipofika mbele yake alitabasamu, maana alikuwa amefika kwa mtu anayemjua. Mimi nilikuwa nimesimama upande wa ng'ombe na niliona vizuri. Mama mkwe wake ndiye aliyemfundisha kufukiza; alichanganya emburara na jani la kwao lenye harufu kama ya limau, na Kobusingye aliendelea hivyo kwa heshima ya yule bibi. Mwalimu alilamba, akatazama, akanusa.

"Hii si ya hapa," alisema.

"Mwarimu, ni mimi."

"Ninaona, Mama. Lakini mushipa ni mushipa."

Alipandishwa lori kwenda Nakivale na mama mkwe wake, wakiwa na chungu kile na blanketi. Ng'ombe walibaki. Boma lake akaingia mtu wa chifu. Kwa hiyo mwanamke aliyezaliwa Endiinzi akawa mkimbizi katika nchi yake, umbali ambao mtu anatembea asubuhi akafika kabla jua halijawa kali.

Nilimuuliza Mwalimu baadaye, kule Kakiika, alijisikiaje. Alikuwa anapiga mswaki kwa kijiti. "Mimi sikuulizwa wanabapeleka wapi," alisema. "Niliulizwa ni ya aina gani." Akatema.

Nilikaa mbali naye muda mrefu. Nilirudi, kwa sababu maswali hayakuniacha, na kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa na lenzi. Nilimkuta ameanza jambo jipya. Nyuma ya chumba, juani, aliweka mawe na magome, na juu yake alikuwa amepandikiza ile kuvumwani nyembamba ya kivulini, ile espesi yake. Alitaka kuonyesha kwamba hata ukiipa jua itabaki vilevile. Aliinyeshea maji kwa kikombe, na yalipokosekana, kwa mdomo. Misimu miwili ya mvua ilipita. Machipukizi mapya yakatoka manene, majani yamepinda upande mmoja kama mundu. Ilikuwa ni ileile. Ilikuwa imekonda tu kwa kukosa jua.

Nilitegemea kwamba ataing'oa usiku na kunyamaza. La. Aliita walimu wenzake, aliita wanafunzi, alimwita hata Hajji, akasimama mbele ya mawe yale na kusema kwa sauti: "Nilijidanganya. Hakuna espesi mbili, iko moya. Mimi niliona kivuli nikafikiri ni damu. Mu siyansi mutu anasema nilikosa, na anaendelea." Machozi yalikuwa yanamtoka. Watu walimpigia makofi. Hajji alimshika mkono na kusema huyu ni mcha Mungu. Mimi pia nilipiga makofi, nikafikiri: kama ameweza kulisema hili, na lile la Kobusingye atalisema.

Ndiyo maana serikali ilipobadilika, na kamati mpya za vijiji zikaanza kusikiliza watu waliopokonywa ardhi, nilikwenda Nakivale kwa Kobusingye. Mama mkwe alikuwa ameshazikwa. Kobusingye alikuwa na ng'ombe mmoja wa kuazima, na mikono ya mtu anayelima asiyezoea kulima.

"Kamati wanasema nilete shahidi," aliniambia. "Mtu aliyekaa boma langu anasema nimeandikwa mkimbizi na Mwarimu, basi Mwarimu afute. Yeye akisema alikosea, narudi kwetu. Asiposema, nakufa hapa. Wewe unamjua, mwanangu. Mlete."

Nilimleta. Njiani alikuwa mchangamfu, akisimama kwenye kila jiwe. Nilimkumbusha mawe ya Kakiika, nikamwambia kuwa mama yule ni kama kuvumwani ile: aliolewa kivulini, akachukua sura ya kivuli. Alinipiga begani kwa furaha. "Darasa la sita," alisema, "weye ungekuwa profesa." Nikaamini kwamba mambo yamekwisha.

Kamati ilikaa palepale karibu na josho, lililokuwa limekauka. Mwenyekiti alikuwa koplo mstaafu. Kobusingye alikuja na maziwa ya wageni, na chungu chake cha kufukizia pia, kwa kuwa alijua kitaulizwa na hakutaka ionekane anakificha.

"Haya, mzee," mwenyekiti alisema. "Huyu mama anasema wewe ulikosea. Ni wa hapa ama si wa hapa? Sema tu, tumalize, kuna kesi zingine."

Nyuma ya Kobusingye walikuwa wamekaa watu wengine, wengi, wake kwa waume, waliopandishwa lori siku ileile, na sasa wametoka Nakivale kwa miguu kusikiliza. Mwalimu aliwatazama hao. Niliona macho yake yakiwapitia mmoja mmoja, na niliona uchangamfu ukimtoka.

"Nipe chungu," alisema.

Nilitaka kuinuka. Alichomoa jani lililoungua, akalitia mdomoni, akalinyonya, akalitema kiganjani na ute wake, akaweka lenzi jichoni. Hakukuwa na haja ya lenzi. Kila mtu pale alijua kuwa Nakivale hakuna emburara, nyasi zote zimeliwa au zimeezekwa, na wanawake hufukiza kwa majani ya kinamasi cha ziwani. Wasingekuwa na kingine.

"Hata moya ya emburara hakuna," Mwalimu alisema. "Hii ni ya Nakivale kabisa. Ile siku nilisema si ya hapa. Leo ni zaidi."

"Mwarimu," Kobusingye alisema, "ni wewe uliyenipeleka Nakivale."

"Mimi ninasema yenye ninaona, Mama."

Mwenyekiti alikuna kidevu, akauliza kama kuna shahidi mwingine. Nilisimama. Nikasema habari ya mawe, ya kivuli na jua, nikasema huyu mtu analijua kosa hili kuliko yeyote, amelilia mbele ya watu. Mwenyekiti aliniuliza nimesoma hadi wapi. Wengine walicheka. Akasema maneno ya Mwalimu yamesikika, boma litabaki kwa aliyemo, twende kesi nyingine. Watu wa nyuma walianza kuinuka bila kusubiri kesi zao.

Niliinama sikioni kwa Mwalimu. "Kwa nini? Kwa kuvumwani ulisema."

"Kuvumwani ilikuwa moya," alinong'ona, harufu ya jani lililoungua ikinijia usoni. "Nikimutoa huyu, bale bote nyuma watasimama. Nitasema nilikosa mara ngapi?"

Kisha, kwa mazoea tu, kwa sababu alikuwa ametembea na jua lilikuwa kali, na kwa sababu miaka yote ilikuwa hivyo, alinyoosha mkono kwa Kobusingye kupokea maziwa. Kiganja kilikuwa bado kimelowa.

Kobusingye alikuwa amekishika chungu cha maziwa kwa mikono miwili. Aliutazama ule mkono. Kwa wafugaji, kilichofuata hakifanywi. Akainua chungu kinywani mwake mwenyewe, akanywa mbele ya mgeni, polepole, bila kushusha, mpaka kikaisha. Akakifunika kwa kifuniko chake cha ukili, akachukua chungu kidogo cha kufukizia kutoka mezani kwa ncha ya kitenge ili asiguse alipogusa Mwalimu, akashika njia ya Nakivale.

Mkono wa Mwalimu ulibaki pale hewani. Mate yalikuwa yanaanza kukauka.